Jedwali na Nadharia: Uhakiki wa Urejelewaji wa Kazi za Viktor Hamburger na Mafunzo Yake kwa Upimaji wa Watafiti

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi za Viktor Hamburger (1900–2001), mmoja wa waasisi wa taaluma ya ukuaji wa mfumo wa neva, kwa kulinganisha mambo mawili: mchango wa kila kazi katika ujenzi wa maarifa, na kiasi cha kurejelewa kwa kazi hiyo. Inaonyeshwa kuwa kazi yake inayorejelewa kuliko zote ni jedwali la hatua za ukuaji wa kiinitete cha kuku, ilhali hoja iliyobadilisha taaluma imemezwa na vitabu vya kiada kiasi cha kupoteza jina la mwenyewe. Inajadiliwa pia makala ya Kifaransa ya mwaka 1942 iliyomsahihisha Hamburger na ambayo uzito wake ulitokana na kusomwa na mtu mmoja. Hitimisho ni kwamba idadi ya kurejelewa hupima matumizi, nayo haipimi ugunduzi. Hivyo kanuni za kupandisha vyeo katika vyuo vikuu vya ukanda huu zinapaswa kuirudisha kazi ya kusoma mahali pake.

1.0 Utangulizi

Eugene Garfield alipopendekeza faharasa ya urejelewaji mwaka 1955 katika jarida la Science, alikuwa na shabaha ya msomaji. Alitaka mtafiti anayeshika makala ya zamani aweze kujua ni nani wengine waliorejelea makala hiyo, na iwapo imekosolewa au imepitwa na wakati. Faharasa ya sayansi iliyoanza kutolewa na taasisi yake katika miaka ya 1960 ilikuwa, kwa hiyo, chombo cha kumfikisha mtu kwenye maandishi. Miaka iliyofuata iligeuza matumizi yake. Namba iliyokuwa njia ya kufika kwenye kazi ikawa badala ya kazi yenyewe. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h, ambacho hujumlisha maisha yote ya mtafiti katika namba moja: mtu ana h ya 20 iwapo makala zake 20 zimerejelewa mara 20 au zaidi kila moja.

Vipimo hivi vimeingia katika fomu za kuomba vyeo, katika maombi ya ruzuku na katika upangaji wa vyuo vikuu. Mshauri wa sera anayeandaa kanuni anahitaji kujua namba hizi zinaona nini na zinapitwa na nini. Njia moja ya kulijua hilo ni kumchukua mtafiti ambaye mchango wake unafahamika vema, historia ya mawazo yake imekamilika, na kazi zake ni za aina mbalimbali, kisha kuuliza namba ingesema nini juu yake. Hamburger anafaa kwa jaribio hilo.

2.0 Mtafiti na Kazi Zake

Hamburger alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Landeshut, Silesia, ambao leo umo Poland. Alisomea Freiburg, Ujerumani, chini ya Hans Spemann, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1935 kwa utafiti wa viinitete. Mwaka 1932 alikwenda Chicago kwa ufadhili wa Rockefeller. Akiwa huko, utawala wa Wanazi ulipitisha sheria ya 1933 iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, naye akapoteza nafasi yake ya Freiburg. Hakurudi. Mwaka 1935 alihamia Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, ambako aliongoza idara ya zuolojia tangu 1941 hadi 1966.

Kwa uhakiki huu kazi zake zinagawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni makala ya 1934 kuhusu kuondolewa kwa chipukizi la bawa katika kiinitete cha kuku. Hamburger alionyesha kwamba bawa lisipokuwapo, seli za neva ambazo zingelihudumia hupungua, na kwamba upungufu huo unalingana na kiasi cha misuli iliyoondolewa. Kundi la pili ni kazi alizofanya pamoja na Rita Levi-Montalcini, hususan makala ya 1949 kuhusu vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo. Kundi la tatu ni jedwali la 1951, aliloandaa na Howard Hamilton, linalogawanya siku 21 za kifaranga ndani ya yai katika hatua 46. Kundi la nne ni kazi za baadaye: utafiti wa 1966, pamoja na Eleanor Wenger na Ronald Oppenheim, ulioonyesha kuwa kiinitete hujongea hata pale kinapokosa taarifa za hisia, na makala ya 1975, mwaka aliotimiza miaka 75, iliyohesabu seli za neva za mwendo zinazohudumia mguu na kuonyesha kwamba takribani asilimia 40 ya seli hizo hufa katika ukuaji wa kawaida.

Nadharia inayounganisha kundi la kwanza, la pili na sehemu ya la nne inaelezeka kwa maneno machache. Mwili huzalisha seli za neva nyingi kuliko zinazohitajika. Seli hizo hutegemea mahali zinapopeleka nyuzi zake. Zinazopata riziki huko huishi, na zinazokosa hufa. Ukubwa wa sehemu ya mwili ndio unaoamua idadi ya seli zitakazobaki. Mwanafunzi yeyote wa sayansi ya neva hujifunza jambo hili leo.

3.0 Jedwali Lililoishinda Nadharia

Kati ya makundi hayo, jedwali la 1951 ndilo linalorejelewa kuliko mengine yote, tena kwa mbali. Sababu si ngumu kuiona. Kabla yake, mtafiti aliyeandika kwamba alitumia kiinitete cha siku tatu hakumpa mwenzake taarifa ya kutosha, kwa kuwa mayai mawili yaliyoatamiwa kwa saa zilezile huweza kutofautiana kwa joto la kiatamishi, kwa majira na kwa aina ya kuku. Hamburger na Hamilton walipendekeza kwamba umri ukadiriwe kwa umbo: idadi ya pingili za mgongo, sura ya chipukizi la mguu, urefu wa mdomo na wa kidole. Tangu hapo mtafiti wa Japani na wa Chile waliweza kuzungumzia kiinitete kimoja. Mwaka 1992, miaka 41 baada ya kutoka, jedwali lilichapishwa upya katika jarida la Developmental Dynamics.

Hii ni kazi kubwa, na uhakiki huu hauishushi. Hata hivyo ni kazi ya aina yake. Anayeirejelea haridhii wala hapingi hoja yoyote. Anataja rula aliyotumia kupimia. Makala elfu moja zinazolitaja jedwali zinasema kwamba watu elfu moja walifungua mayai. Hazisemi kwamba watu elfu moja walishawishika na wazo.

Mfano wa pili unatoka katika mwaka uleule na chuo kilekile. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha njia ya kupima protini katika maabara. Jarida la Nature lilipoorodhesha mwaka 2014 makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia ya faharasa, makala ya Lowry iliongoza, ikiwa imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Lowry mwenyewe hakuihesabu kuwa kilele cha kazi zake. Orodha yote ya Nature ilitawaliwa na njia za maabara, takwimu na programu za kompyuta. Magunduzi mengi yaliyopata Tuzo ya Nobel hayakuwamo.

Mtetezi wa kipimo cha h atasema kwamba kipimo hicho kinatibu tatizo hili, kwani makala moja, hata ikirejelewa mara 300,000, huongeza h kwa moja tu. Hoja hiyo ni sahihi kwa kiasi. Kipimo cha h hupunguza uzito wa jedwali, lakini hakiongezi uzito wa nadharia. Kinakata kilele bila kujaza bonde.

4.0 Makala ya Liège

Tatizo la pili linahusu lugha na mahali pa kuchapisha. Hamburger alikuwa ameutafsiri upungufu wa seli wa 1934 kimakosa. Alidhani kwamba bawa, likiwapo, hutuma ishara inayozifanya seli changa ziwe seli za neva, na kwamba likiondolewa, seli hizo haziundwi. Aliyegundua kosa ni Levi-Montalcini, daktari kijana wa Turin aliyefungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliisoma makala ya Hamburger akiwa safarini katika treni mwaka 1940, kisha akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Akishirikiana na mwalimu wake, Giuseppe Levi, aliyekuwa pia amefukuzwa kazi, alirudia jaribio na kuhesabu seli siku baada ya siku. Aliona kwamba seli huundwa kama kawaida, huanza kukua, halafu hufa.

Kwa kuwa majarida ya Italia hayakupokea kazi za Wayahudi, matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1942 kwa Kifaransa katika jarida la Archives de Biologie, lililotolewa Liège, Ubelgiji, nchi iliyokuwa chini ya uvamizi wa Wajerumani. Ni vigumu kubuni mazingira mabaya zaidi ya kurejelewa: vita, lugha isiyokuwa ya watafiti wakuu wa mada hiyo Marekani, jarida la nchi iliyovamiwa, na waandishi wasio na taasisi. Kwa kipimo cha athari cha jarida, ambacho huhesabu marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, kazi hiyo isingekuwa na thamani yoyote hadi kufikia mwaka 1944.

Hata hivyo ilipata msomaji mmoja aliyestahili. Hamburger aliisoma, akatambua kwamba inamkosoa, na mwaka 1946 akaandika barua ya kumwalika mwandishi wake St. Louis. Levi-Montalcini alifika mwaka 1947 kwa nia ya kukaa miezi michache; alikaa takribani miaka 30. Makala yao ya 1949 ilitokana na ushirikiano huo. Kwa hiyo tendo lenye athari kubwa zaidi katika historia ya makala ya 1942 ni barua ya mwaliko, na barua haimo katika faharasa yoyote.

Tukio hili linafunua pia udhaifu mwingine wa kuhesabu. Levi-Montalcini aliirejelea makala ya 1934 ili kuonyesha kwamba data yake ni thabiti na tafsiri yake ni potofu. Faharasa huandika moja. Haina mahali pa kuandika kwamba sehemu ya kwanza ya kazi imethibitishwa na ya pili imekanushwa. Wala haionyeshi kwamba kosa lililoandikwa kwa uwazi na kwa vipimo makini laweza kuzaa matunda kuliko usahihi usiomsukuma mtu yeyote kuuliza.

5.0 Wazo Linapopoteza Mwenyewe

Tatizo la tatu lilikwisha kuelezwa na mwanasosholojia Robert Merton: wazo likikubalika sana, watu huacha kumtaja mwenye wazo. Hufutika kwa kumezwa. Nadharia ya ushindani wa seli za neva imepitia njia hiyo. Watafiti wanaoandika leo kwamba seli nyingi za neva hufa katika ukuaji hurejelea kitabu cha kiada au tathmini ya miaka ya karibuni, ikiwa wanarejelea chochote. Hata jedwali la 1951 halikusalimika kabisa, maana wako wanaoandika herufi HH pamoja na namba ya hatua bila kutaja makala yenyewe. Herufi hizo mbili ni majina ya watu, lakini kwa msomaji mpya zimekuwa kipimo tu, kama sentimita.

Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya kanuni. Kazi iliyofanikiwa kiasi huendelea kukusanya marejeo. Kazi iliyofanikiwa kupita kiasi huacha kuyapata. Mkadiriaji anayetegemea namba peke yake hawezi kutofautisha kazi iliyosahaulika kwa sababu haikufaa na kazi isiyotajwa kwa sababu kila mtu anaiishi.

6.0 Je, Tuzo Ni Kipimo Bora?

Pengine itapendekezwa kwamba, badala ya namba, hukumu iachiwe wataalamu mashuhuri. Maisha ya Hamburger hayatoi faraja huko pia. Mwaka 1948 Elmer Bueker, aliyekuwa mwanafunzi wake, alipandikiza uvimbe wa saratani ya panya katika kiinitete cha kuku na kuona nyuzi za neva zikiuelekea kwa wingi. Hamburger na Levi-Montalcini walilifuatilia jambo hilo. Levi-Montalcini alitambua kwamba uvimbe hutoa kemikali, na mwaka 1952 akabuni huko Rio de Janeiro njia ya kuipima kemikali hiyo nje ya kiinitete. Mwanabiokemia Stanley Cohen alijiunga na idara ya Hamburger mwaka 1953 na hatimaye akaitenga kemikali yenyewe, kichocheo cha ukuaji wa neva. Makala ya 1954 ina majina ya wote watatu.

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1986 ilitolewa kwa Levi-Montalcini na Cohen. Kanuni zinaruhusu washindi watatu. Nafasi ya tatu ilibaki wazi. Wako waliosema kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki, kwa sababu ugunduzi wa kemikali ni wa hao wawili. Wako waliosema kwamba swali lililojibiwa na kemikali hiyo liliulizwa na Hamburger mwaka 1934 na kujibiwa ndani ya idara yake. Pande zote mbili zina hoja, na makala hii haikusudii kuufungua upya mjadala huo. Linalohitaji kuzingatiwa ni kwamba kamati nayo ina kipimo chake: hutuza ugunduzi wenye mipaka na tarehe. Kuuliza swali, kujenga idara, kumwalika anayekukosoa na kumpa maabara, hayo hayana tarehe moja.

7.0 Hoja ya Upande wa Pili

Haitakuwa haki kuzilaumu namba bila kueleza kwa nini zilipendwa. Katika jumuiya ndogo ya wanataaluma, ambamo wakadiriaji na wakadiriwa wamesoma pamoja na kufundishana, hukumu inayotokana na kusoma huweza kugeuka kuwa hukumu ya urafiki, ya kabila au ya kisasi. Namba haimjui mtu. Kijana asiye na mlezi, ambaye kazi yake imerejelewa na watu wa mbali wasiomfahamu, ana ushahidi ambao mkuu wa idara hawezi kuupuuza kirahisi. Kuiondoa namba kabisa ni kumnyang'anya kinga hiyo.

Kwa hiyo suala si kuchagua kati ya namba na kusoma. Suala ni kipi kianze na kipi kihakikishe kingine. Azimio la San Francisco kuhusu upimaji wa utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, lilitaka kipimo cha jarida kisitumike kumhukumu mwandishi mmojammoja. Tamko la Leiden la mwaka 2015 lilikwenda mbali zaidi: namba iunge mkono hukumu ya wataalamu, nao utafiti wenye umuhimu wa mahali ulindwe, ukiwemo ule unaoandikwa kwa lugha zisizokuwa Kiingereza.

8.0 Maana Yake kwa Ukanda wa Afrika Mashariki

Makala ya Liège inagusa moja kwa moja hali ya taaluma inayoandikwa kwa Kiswahili. Makala inayochapishwa katika majarida ya Kiswahili na Mulika ya TATAKI, au katika kumbukumbu za makongamano kama haya, huonekana kwa shida katika faharasa kubwa za kimataifa. Mtafiti wa ukuaji wa watoto anayeandika kwa Kiswahili kuhusu utapiamlo na ubongo, ili asomwe na wakufunzi wa walimu wa chekechea, hupata namba ndogo kuliko anayeandika jambo hilohilo kwa Kiingereza ili asomwe na wenzake wa ng'ambo. Kanuni inayomlipa wa pili na kumwadhibu wa kwanza imekwisha kuamua kuhusu lugha ya elimu, hata kama walioiandika hawakukusudia.

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa wanaoandaa kanuni katika vyuo vikuu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kwanza, mwombaji wa cheo achague kazi zake chache, zisizozidi tano, na wakadiriaji wazisome kazi hizo zote. Orodha ndefu ibaki kama kiambatisho.

Pili, wakadiriaji waeleze kwa maandishi kazi hizo zimerejelewa kwa namna gani: kama chombo, kama hoja inayoendelezwa, au kama hoja inayopingwa. Kila aina ithaminiwe kwa stahili yake, na watengenezaji wa vyombo, yakiwemo makusanyo ya data na kamusi, wasichanganywe na wajenzi wa nadharia.

Tatu, kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili isomwe na mkadiriaji anayekijua Kiswahili cha kitaaluma, na kutokuwemo katika faharasa kusihesabiwe kuwa ushahidi wa udhaifu.

Nne, idadi ya kurejelewa itumike mwishoni, kama swali kwa wakadiriaji. Pale ambapo maoni yao yanatofautiana sana na namba, watoe sababu. Namba itakuwa inawalinda wasio na walezi, bila kuwa hakimu wao.

9.0 Hitimisho

Hamburger alifariki mwaka 2001. Anayetaka kumjua kwa faharasa atakutana kwanza na mtengenezaji wa jedwali, na kwa kiasi fulani atakuwa amekutana naye kweli, kwa sababu usahihi ule wa hatua 46 ndio uleule uliomfanya atambue mwaka 1946 kwamba mtu wa Turin alihesabu vizuri kuliko yeye. Lakini ugunduzi wa kwamba mfumo wa neva hujengwa pia kwa kufa kwa seli utaonekana kwa yule tu atakayefungua makala ya 1934, ya 1942, ya 1949 na ya 1975 na kuzisoma kwa mfuatano. Makala hizo nne husomeka kwa siku mbili. Kamati inayoamua hatima ya mtafiti kwa miaka 20 ijayo haiwezi kudai kwamba siku mbili ni nyingi.